Kutoka Banda la Gari hadi Chumba cha Kazi: Istilahi za Ujenzi wa Gharama Ndogo Ufipa

1. Utangulizi

Lugha ya ujenzi husemwa kila siku na kila mahali nchini, lakini huandikwa kwa nadra. Fundi na mwenye nyumba huelewana kwa kuonyeshana kwa kidole, na kazi ikaenda. Matatizo huzuka pale maneno hayo yanapotakiwa kukaa kwenye karatasi: katika orodha ya kununulia vitu dukani, katika mapatano ya malipo, au katika ombi la kibali linalopelekwa halmashauri. Hapo ndipo neno moja lenye maana mbili huweza kumla mtu fedha alizokuwa amezihifadhi kwa mwaka mzima.

Katika makala hii tumekusudia kuyachunguza maneno hayo kwa kufuata kazi moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho, nayo ni kugeuza banda la gari kuwa mahali pa kufanyia kazi nyumbani kwa fedha kidogo. Tumechagua mji wa Matai, mkoani Rukwa. Matai, ulio kwenye barabara ya kutoka Sumbawanga kwenda bandari ya Kasanga katika Ziwa Tanganyika, ni makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, wilaya iliyoanzishwa mwaka 2012 baada ya kugawanywa kwa Wilaya ya Sumbawanga Vijijini. Mji unapokuwa makao ya wilaya, shughuli huongezeka: washonaji, maseremala, wapiga chapa, walimu wanaosahihisha madaftari usiku, na watumishi wanaomalizia kazi nyumbani. Wote huhitaji chumba, na si wote wenye uwezo wa kujenga kipya. Banda la gari lisilo na gari, au stoo iliyokuwa ya magunia ya mahindi, huwa ndiyo njia ya mkato.

Jambo hili si la Ufipa peke yake. Mwaka 1939 William Hewlett na David Packard walianzisha kampuni yao ya vyombo vya umeme katika banda la gari mjini Palo Alto, California, na banda hilo limehifadhiwa kama mahali pa kumbukumbu. Lakini baridi ya Ufipa si hali ya hewa ya California, na mfuko wa mwananchi wa Matai una mipaka yake. Kwa hiyo maelezo yetu yatafuata mazingira ya kwetu.

2. Jina la mahali penyewe

Swali la kwanza ni hili: mahali hapo tupaite nini? Wengi husema "gereji". Neno hili tumelipata kutoka Kiingereza, nacho Kiingereza kililitoa Kifaransa, katika kitenzi chenye maana ya kuweka mahali pa hifadhi. Lakini katika Kiswahili cha Tanzania maana iliyotangulia katika masikio ya watu ni mahali pa kutengenezea magari. Mtu akiandika katika ombi lake kwamba anataka "kubadili gereji ya nyumbani", msomaji wa ombi hilo aweza kudhani kwamba pana biashara ya ufundi wa magari katikati ya makazi, na maswali yatakayofuata ni ya mafuta machafu na makelele, wala si ya chumba cha cherehani. Tunaona ni heri "gereji" ibaki na maana yake ya ufundi wa magari, na chumba cha kulaza gari kiitwe "banda la gari", kama watu wengi wanavyokiita tayari.

Swali la pili ni kuhusu chumba baada ya kubadilishwa. Hapa lugha yetu ina akiba. Neno "karakana" limetokana na Kiajemi, ambako sehemu yake ya kwanza ina maana ya kazi na ya pili ina maana ya nyumba. Karakana basi, kwa asili yake, ni nyumba ya kazi hasa. Kwa matumizi ya sasa limeelemea kazi za mikono na mashine: useremala, uhunzi, ufundi wa vyombo. Neno "kiwanda" nalo, ambalo ni la ukoo mmoja na kiwanja na uwanda, zamani lilitumika kwa mahali popote pa kufanyia kazi ya ufundi, hata chini ya kibanda cha makuti. Leo mtu akisikia kiwanda huona bomba refu la moshi na mamia ya wafanyakazi. Maana ya zamani haikufa, hata hivyo. Ilihifadhiwa katika msemo "viwanda vidogo", ambao umo katika jina la Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973.

Kwa hiyo tunapendekeza mgawanyo huu: "karakana ya nyumbani" iwe kwa kazi yenye zana, vumbi na kelele, "chumba cha kazi" kiwe kwa kazi ya mezani, kama kushona, kuandika, kuchora au kusoma. Mgawanyo huu si wa kupendezesha maneno. Karakana huhitaji sakafu ngumu na mlango mpana. Chumba cha kazi huhitaji mwanga na dari. Mwenye nyumba akikosea jina, fundi atakisia vitu visivyo vyake.

3. Maneno ya mapatano

Kabla ya jiwe kuguswa, kuna karatasi. Katika eneo lililopimwa mjini, kubadili matumizi ya jengo hutaka kibali cha halmashauri, na ni vema mwenye nyumba akaulize kwanza ofisi ya ardhi na mipango miji kuliko kubomolewa baadaye. Kisha huja hesabu, na hapa ndipo magomvi mengi huanzia.

Neno linaloongoza kwa kugombanisha watu ni "vifaa". Kwa kawaida tunasema vifaa tukimaanisha nyundo na msumeno, na tunasema vifaa vya ujenzi tukimaanisha saruji na mabati. Mapatano yakiandikwa "fundi atakuja na vifaa vyake", mwenye nyumba hutazamia saruji ije na fundi, ilhali fundi alimaanisha mwiko na pima maji. Kila mmoja ana haki kwa lugha aliyoitumia, na hakuna mzee wa baraza awezaye kuwaamua kwa kutazama maandishi yale. Dawa ipo ndani ya Kiswahili: "zana" ni vitu vya kufanyia kazi ambavyo hubaki baada ya kazi kwisha, "vifaa" ni vitu vinavyoingia ndani ya jengo na kubaki humo. Nayo malipo ya nguvu na ujuzi wa fundi yaitwe "ufundi", kama mafundi wenyewe wasemavyo. Mapatano mazuri basi yataandika mistari mitatu: zana ni za nani, vifaa ni vya nani, na ufundi ni kiasi gani.

Vivyo hivyo tutenganishe "makisio" na "mapatano". Makisio ni hesabu ya kabla, ambayo huweza kupanda au kushuka. Mapatano ni ahadi, na hayabadiliki ila kwa ridhaa ya pande zote mbili. Mtu mwenye fedha kidogo asianze kazi kwa makisio matupu.

4. Uwazi, ukuta na mwanga

Tuchukue mfano wa banda lenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 6, yaani eneo la mita za mraba 18, na uwazi wa kuingizia gari wenye upana wa mita 2.4 na kimo cha mita 2.1. Kanuni ya kawaida ya wajenzi husema madirisha ya chumba yasipungue sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Chumba chetu chahitaji basi dirisha la mita za mraba 1.8.

Watu wengi hukimbilia kutoboa ukuta mpya, na kumbe uwazi wa gari umekwisha kuwapo, nao una "kizingiti cha juu", ile boriti ya zege au mbao inayobeba ukuta ulio juu ya mlango, ambayo mafundi siku hizi huiita linta. Kutoboa kwingine ni kununua kizingiti kingine. Ni nafuu kuugawa uwazi uliopo: mlango wa sentimita 90 upande mmoja, na katika mita 1.5 zilizobaki ujengwe ukuta mfupi wa sentimita 90 kwenda juu, na juu yake likae dirisha la kimo cha mita 1.2. Dirisha la mita 1.5 kwa 1.2 ni mita za mraba 1.8 kamili, pamoja na miimo yake.

Ukuta huu mfupi haubebi paa. Kwa ukuta wa namna hiyo tunapendekeza neno "kiambaza". Kwa asili kiambaza ni ukuta wa miti na udongo, kinyume cha ukuta wa mawe. Kwa kulipanua kidogo, neno hili laweza kutaja ukuta wowote wa kugawa au kuziba usiobeba mzigo, uwe wa tofali za kuchoma, wa mbao au wa udongo. Faida yake ni kubwa: fundi akisoma "kiambaza" atajua kwamba hapana haja ya msingi mzito, na mwenye nyumba atajua kwamba siku moja chaweza kuondolewa na gari likarudi.

Upande wa kuelekea nao ni hesabu. Matai iko kusini mwa Ikweta kwa digrii zaidi ya 8, hivyo katika miezi ya Juni na Julai, baridi inapokaza, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Dirisha linalotazama kaskazini hupata joto la bure wakati linapohitajika. Pepo za kipupwe hutoka kusini-mashariki. Mlango usielekezwe huko kama pana hiari nyingine.

5. Sakafu na unyevu

Sakafu ya banda la gari hutengenezwa na mteremko wa kutolea maji nje, na mara nyingi huwa imelowa mafuta. Yote mawili ni adui wa chumba cha kazi. Mafuta huzuia saruji mpya isishike ile ya zamani, kwa hiyo hapana budi sakafu ikwanguliwe, ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisha idonolewe kwa patasi ili iwe na makwaruzo. Baada ya hapo huwekwa tabaka la kusawazisha. Tabaka la wastani wa sentimita 3 kwa mita za mraba 18 ni zaidi kidogo ya nusu mita ya ujazo ya mchanganyiko. Kwa kipimo cha saruji moja kwa mchanga nne, mifuko minne au mitano ya kilo 50 yatosha. Mwisho sakafu hupigwa niru, yaani hupakwa uji mzito wa saruji na kulainishwa kwa mwiko.

Tutofautishe hapa maneno matatu yanayochanganywa. "Zege" lina kokoto ndani yake. "Lipu" haina kokoto. Ni saruji na mchanga, na hupakwa ukutani. "Niru" haina kokoto wala mchanga. Mtu akiomba zege kwa kusawazisha sakafu ya sentimita 3, amenunua kokoto ambazo hazitapata mahali pa kulala.

Mvua za Ufipa huanza kwa kawaida mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili, na huja na upepo. Chini ya kiambaza hutandikwa karatasi nzito ya nailoni ya kuzuia unyevu kupanda, na nje ya mlango huchimbwa mfereji. Kazi hii ndogo ndiyo itangulie nyingine zote katika matumizi ya fedha, kwa sababu unyevu ukiingia huharibu kila kitakachofuata.

6. Dari

Uwanda wa Ufipa uko juu. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni bati tupu huwa baridi kama chuma cha jembe alfajiri, na mvuke wa pumzi na wa chai hugeuka matone upande wa ndani na kudondokea vitambaa na karatasi. Mvua ikinyesha, mazungumzo hukoma. Kwa hiyo dari si anasa.

Lakini neno "dari" lenyewe lina historia ya sura mbili. Katika nyumba za mawe za pwani, Unguja na Lamu, boriti za mikoko zilibeba mawe na chokaa, na tabaka hilo lilikuwa sakafu ya chumba cha juu na kifuniko cha chumba cha chini kwa wakati mmoja. Ndiyo maana huko mtu aweza kusema yuko juu darini akimaanisha yuko ghorofani. Huku bara dari ni kifuniko chepesi tu, kinachopigiliwa chini ya kenchi. Tofauti hii yafaa itajwe katika maandishi: kwa ile nyepesi tuseme "dari la kuning'inia", na kwa ile inayokanyagwa tuseme "sakafu ya juu".

Kwa gharama ndogo dari la kuning'inia huweza kuwa la mbao nyembamba au la mikeka iliyokazwa kwenye papi. Wapo wanaotandaza salfeti za mahindi. Salfeti ni rahisi kupatikana, lakini hushika moto upesi na kudondosha matone yanayowaka. Anayetumia taa ya moto au pasi ya mkaa asiziweke juu ya kichwa chake.

7. Hewa, na neno linaloua

Tumefika sehemu ambayo ndiyo hasa iliyotusukuma kuandika. Chumba kikishazibwa uwazi, kikawekwa dari na mlango wa kubana, baridi ya kipupwe humfanya mtu aingize jiko la mkaa. Mkaa unaoungua katika hewa haba hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Gesi hii hushikamana na damu mahali ambapo oksijeni ingeshika. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, husikia usingizi, hulala, na huweza asiamke.

Kosa la lugha hapa ni neno "moshi". Watu huonyana wasikae penye moshi, na onyo hilo ni jema, lakini humfanya msikilizaji aamini kwamba jiko lililokwisha kuwa jekundu na lisilotoa moshi ni salama. Kumbe ndilo la kuogopwa. Istilahi ya kisayansi ni kaboni monoksidi, nayo ibaki katika vitabu. Kwa matangazo na mafunzo ya watu wote tunapendekeza "sumu ya mkaa". Jina hili hutaja chanzo, hutaja hatari, wala halitaji kitu kinachoonekana kwa macho. Aidha sumu hiyo hutoka katika jenereta na katika injini ya gari. Vyote hivyo vikae nje, mbali na mlango na dirisha.

Ama kuhusu kupitisha hewa, Wafipa hawahitaji kufundishwa na mtu. Wahunzi wa kale wa uwanda huu waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu, ambazo kimo chake kilimpita mtu. Matanuri hayo hayakupulizwa kwa mivukuto. Yalitobolewa matundu chini, na hewa ya moto ilipopanda ilivuta hewa mpya kupitia matundu hayo. Mivukuto ilitumika katika tanuri dogo la kusafishia chuma. Ufundi huo ulififia katika karne ya 20, lakini kanuni yake haijafifia: hewa hupita penye tundu la chini na tundu la juu, na tundu moja peke yake halitoshi. Kwa jambo hilo tunapendekeza istilahi "mvuto wa hewa", na kwa matundu yenyewe "tundu la kuingizia" na "tundu la kutolea", yote yakiwa na wavu wa mbu. Ieleweke, hata hivyo, kwamba matundu haya ni ya kuburudisha chumba; hayamruhusu mtu kulala na jiko ndani.

Umeme nao hutaka mtu wake. Kuunga waya za chumba kipya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na hapa ndipo mahali pasipofaa kubania fedha.

8. Kuunga mbao

Meza na rafu huweza kutengenezwa kwa mbao za mlango wa zamani wa banda. Katika ukuta mnene, "shubaka", ile nafasi iliyoachwa ndani ya ukuta ambayo nyumba za pwani zimejaa, huokoa gharama ya kabati. Kuunga mbao kwa kuchonga pengo katika kipande kimoja ili kipande kingine kikae ndani yake huokoa misumari, na ni ufundi wa kale kupita kiasi. Mwaka 2023 wanasayansi wakiongozwa na Larry Barham walitangaza kwamba karibu na maporomoko ya Kalambo, upande wa Zambia, yamepatikana magogo mawili yaliyounganishwa kwa pengo lililochongwa, yenye umri usiopungua miaka 476,000. Mto huo ndio ulioipa wilaya jina lake. Ufundi uliokaa muda huo wote jirani na Matai wastahili kuwa na neno lake katika kamusi zetu. Tunapendekeza "kiungo cha pengo".

9. Orodha ya maneno yaliyopendekezwa

Banda la gari: chumba au kibanda cha kulazia gari nyumbani.
Gereji: mahali pa biashara ya kutengenezea magari.
Karakana ya nyumbani: chumba cha kazi za mikono zenye zana na kelele.
Chumba cha kazi: chumba cha nyumbani cha kazi za mezani.
Zana: vitu vya kufanyia kazi, visivyobaki katika jengo.
Vifaa: vitu vinavyoingia na kubaki katika jengo.
Ufundi: malipo ya nguvu na ujuzi wa fundi.
Kiambaza: ukuta wa kuziba au kugawa usiobeba mzigo.
Kizingiti cha juu: boriti inayobeba ukuta juu ya mlango au dirisha.
Dari la kuning'inia: kifuniko chepesi chini ya kenchi.
Mvuto wa hewa: mwendo wa hewa kutoka tundu la chini hadi la juu kwa nguvu ya joto.
Sumu ya mkaa: jina la watu wote la kaboni monoksidi.
Kiungo cha pengo: muungano wa mbao kwa sehemu iliyochongwa.

Maneno mengi katika orodha hii hatukuyabuni; tumeyapangia kazi tu. Wasomaji walio Rukwa, na hasa mafundi, huenda wakawa na maneno yaliyo bora kuliko haya, ya Kiswahili au ya Kifipa. Tungependa watuletee pamoja na maelezo ya matumizi yake, ili yapimwe. Orodha ya maneno ya ujenzi haiwezi kukamilika mezani. Hukamilika pale fundi na mwenye nyumba wanapoweka saini karatasi moja na kuielewa kwa namna moja.